Shajara ya mradi: kuunganisha kompyuta ya zamani kwa modemu bila laini ya simu, karakana ya Busia

Vifaa na lengo

Mashine ni Pentium III ya mezani yenye RAM ya MB 128, diski ya GB 10 na Windows 98 SE. Haina kadi ya mtandao, na Windows yenyewe haitambui flashi bila draiva ya ziada. Ina poti mbili za COM, yaani za siriali, zinazopitisha data biti moja baada ya nyingine. Lengo ni ipate anwani ya IP, ifungue ukurasa na kuhamisha mafaili kwa modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ya laini ya simu na kuirudisha kuwa data. Karakanani Busia hakuna waya wa simu ukutani, hivyo laini tunaitengeneza wenyewe mezani. Upande wa pili kutakuwa na laptopu ya Linux yenye modemu yake, nayo itachukua intaneti kutoka kwenye simu ya mkononi.

Vitu vilivyo mezani: modemu mbili za nje za kbps 56, moja ya US Robotics na moja yenye chipu ya Rockwell, kebo mbili za siriali za pini 9 kwenda 25, adapta moja ya USB kwenda siriali, betri ya UPS ya volti 12, rezista ya ohm 220 ya wati 1, fyuzi ya miliampea 250, nyaya za simu zenye plagi za RJ11, na mita.

Utaratibu tulioandika ubaoni ni huu: umeme, poti, modemu, laini, mlio, PPP (kanuni za kubeba intaneti juu ya laini ya simu), kisha majina ya tovuti. Hakuna anayeruhusiwa kupanda ngazi kabla ya ile ya chini kuthibitishwa kwa kipimo. Wengi wanaojifunza kazi hii hukimbilia kubadilisha nywila wakati modemu haijanyanyua hata laini. Modemu inasema yenyewe imekwama wapi, ilimradi msikilizaji ajue kila ngazi inalalamika kwa maneno gani.

Jumatatu: umeme

Kabla ya kuchomeka chochote tuliangalia swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawasaplai. Ilikuwa imewekwa 115. Kwa umeme wetu wa volti 240, pawasaplai ya namna hiyo hulipuka kapasita papo hapo. Mashine nyingi za mitumba zilizotoka Marekani hufika hivi, kwa hiyo swichi ni ya kwanza kutazamwa kila mara, hata kama aliyeleta anaapa kwamba ilikuwa ikiwaka nyumbani kwake.

Vumbi jekundu limesafishwa kwa brashi kavu. Kapasita za bodi zimekaguliwa vichwa, na hakuna kilichovimba wala kuvuja. Betri ya CR2032 ilikuwa na volti 1.9 badala ya 3, tukaweka mpya. Betri hii ikifa, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi na mipangilio ya BIOS (programu ya msingi ya bodi) hupotea, pamoja na ile ya poti za COM. Mtu anaweza kuhangaika na modemu kutwa nzima kumbe poti inajizima kila mashine inapokosa umeme.

Modemu ya US Robotics ililetwa na adapta ya Kimarekani ya volti 120. Hiyo tumeiweka kando. Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa lebo chini ya modemu inataka volti 9 AC, miliampea 1000. Adapta karibu zote zinazouzwa madukani hapa ni DC. Plagi inaingia vizuri na taa zinaweza hata kuwaka, lakini ndani modemu hutumia ile AC kutengeneza volti chanya na hasi za poti ya siriali. Ukiipa DC, upande mmoja hukosekana na modemu haijibu. Tumetumia transfoma ya volti 240 kwenda 9 bila kirekebishi, ndani ya kasha lenye fyuzi.

Jumanne: poti na kebo

Tulifungua HyperTerminal, programu ya Windows ya kuzungumza na poti, tukachagua COM1, kasi 115200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama, na udhibiti wa mtiririko wa maunzi. Tukaandika amri ya kuamsha modemu (amri zake zote huanza na AT):

AT

Jibu linalotakiwa ni OK. Hatukupata kitu. Taa ya TR ilikuwa imewaka, maana yake kompyuta inainua DTR (ishara kwamba iko tayari) na kebo haijakatika kabisa. Taa ya SD, ya data inayotumwa, haikupepesa tulipobonyeza herufi. Kwa hiyo herufi hazikufika.

Chanzo kilikuwa BIOS: COM1 ilikuwa imepewa anwani 2F8, ambayo kwa kawaida ni ya COM2. Tulirudisha COM1 kwenye 3F8 na IRQ 4 (namba ya kumwita prosesa), COM2 kwenye 2F8 na IRQ 3. OK ikaja.

Kwa wenye modemu za ndani za ISA (aina ya zamani ya nafasi ya kadi): COM3 kwa kawaida hutumia IRQ 4 pamoja na COM1, na COM4 hutumia IRQ 3 pamoja na COM2. Ukiwa na kipanya cha siriali kwenye COM1 na modemu kwenye COM3, kila kitu huonekana kizuri hadi modemu inapoanza kazi, kisha kipanya kinaganda au simu inakatika. Dawa ni kuzima COM2 kwenye BIOS na kuipanga modemu kwa jampa iwe COM2. Na zile modemu za PCI zinazomtegemea prosesa kufanya kazi ya chipu, hatuzipendekezi kwa mradi huu. Bila draiva yake kamili ni kipande cha plastiki tu, na zikipata draiva humlemea prosesa.

Kebo ya pili ilitupa somo la aina nyingine. Ilijibu OK bila shida, lakini ukituma faili kubwa, herufi zinapotea. Tulipima kwa mita: nyaya tatu tu ndizo zilizounganishwa, yaani kutuma, kupokea na ardhi. RTS na CTS, nyaya za kuomba na kuruhusu kutuma (pini 7 na 8 upande wa pini 9), hazimo. Modemu ikijaa haina njia ya kumwambia mwenzake asubiri. Hitilafu hii ni mbaya kwa sababu haionekani kwa amri fupi. Inajitokeza data ikianza kumiminika. Tumechomelea kebo mpya yenye nyaya zote tisa, moja kwa moja, bila kuvusha. Kebo ya kuvusha inayounganisha kompyuta mbili haifai kwa modemu.

Chipu ya poti ni 16550A, ina akiba ya baiti 16. Kwenye mashine za zamani zaidi zenye 8250 au 16450 hakuna akiba hiyo, na kasi ya poti iteremshwe hadi 19200.

Jumatano: laini ya mezani

Mpangilio ni rahisi. Waya mmoja wa simu unatoka modemu A (ya kompyuta ya zamani, inayopiga) kwenda modemu B (ya laptopu, inayojibu) moja kwa moja. Waya wa pili unapita kwanza kwenye fyuzi, betri na rezista. Pini zinazohusika ni mbili za katikati za RJ11. Chanya na hasi hazina tatizo, kwa sababu modemu hizi zina daraja la diodi mlangoni.

Kwa nini ohm 220? Modemu iliyonyanyua laini huwa na ukinzani wa takriban ohm 200 hadi 300 kwa umeme wa DC. Mbili pamoja na rezista hutoa mkondo wa karibu miliampea 15 hadi 19 kutoka volti 12. Laini halisi hutoa zaidi kidogo, lakini modemu nyingi huridhika na huu. Rezista ya robo wati ingetosha kwa kazi ya kawaida, ila nyaya zikigusana mkondo hupanda hadi miliampea 55 na rezista inapokea zaidi ya nusu wati. Ndiyo sababu tumeweka ya wati 1. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana betri ya UPS ikipigwa shoti kabla ya rezista inaweza kuwasha waya.

Laini hii isiunganishwe kamwe na waya wa kampuni ya simu. Ule una volti 48 zake, na simu ikiita huja AC ya volti 75 hadi 90.

Sasa kupima kila modemu peke yake. Unganisha modemu moja na betri kupitia rezista, weka mita kwenye ncha mbili za laini. Kabla ya kunyanyua, mita isome karibu 12. Andika ATH1 (amri ya kunyanyua laini), relei (swichi ya ndani ya laini) ilie, na volti zishuke hadi kati ya 5 na 8. Andika ATH0, zirudi 12.

Modemu ya Rockwell ilibaki 12 hata baada ya ATH1. Ilikuwa ikijibu OK kwa kila amri, ATI3 ikitaja jina la chipu, taa zote zikiwaka inavyotakiwa. Haya ni majeraha ya radi. Radi huingia kwa waya wa simu na kuchoma upande wa laini (relei, transfoma ndogo, kinga ya mlangoni) huku upande wa kompyuta ukibaki mzima. Hapa kwetu, kuzunguka Ziwa Viktoria, radi ni nyingi mno, na modemu za mitumba zilizowahi kutumika huku zina uwezekano mkubwa wa kuwa hivi. OK ni ushahidi kwamba prosesa ya modemu inaishi, haisemi lolote kuhusu laini. Tulifungua kasha: njia ya shaba kati ya soketi na relei ilikuwa imeyeyuka kiasi cha milimita chache, na kinga ilikuwa nyeusi. Tumebadilisha kinga, tukaunga njia kwa waya mwembamba. Kipimo kikashuka hadi 6.2.

Jambo dogo linalopoteza muda: modemu ina soketi mbili nyuma, moja ya laini na moja ya simu ya mezani. Ukichomeka kwenye ile ya simu, modemu nyingi hukata soketi hiyo mara zinaponyanyua. Dalili ni ileile ya laini iliyokatika.

Alhamisi: mlio

Modemu A tuliiambia ATDT5 (piga namba 5) na ikajibu NO DIALTONE. Ni sawa, laini yetu haina kituo cha simu cha kutoa mlio. Windows ingeita hili kosa 680. Kwenye laini halisi, jibu hili lingetupeleka kwenye waya na soketi. Kwenye laini ya betri, tunamwamuru tu asisubiri mlio:

ATX3

X3 hupiga bila kusubiri mlio ila bado hutambua laini yenye shughuli. Kwenye Windows, ondoa alama kwenye kipengele cha kusubiri mlio katika sifa za modemu.

Mpangilio wa kujaribu kwa mkono: A aandike ATX3DT5. Kisha B aandike ATA kabla muda wa A kwisha. Muda huo uko kwenye rejista S7, na kwa modemu nyingi ni sekunde 50 au 60. Andika ATS7? kuuona.

Weka spika juu kwa ATM1L3, na usikilize. Kwanza tarakimu. Kisha sauti moja iliyonyooka ya Hz 2100 kutoka kwa anayejibu, yenye kukatika kidogo mara kwa mara. Huo ni mlio wa kuzima vizuia-mwangwi vya kampuni za simu. Halafu sauti za kubadilishana uwezo, halafu milio mingi kwa pamoja ya kupima laini, na mwisho mvumo mzito wa kujifunza. Spika inanyamaza, CONNECT inatokea. Ikikatika baada ya Hz 2100, anayepiga hasikii. Kagua njia ya kurudi. Ikirudia mvumo tena na tena, laini ina kelele. Sikio lililozoea hutofautisha haya haraka kuliko faili lolote la kumbukumbu.

Simu ya kwanza ilileta CONNECT 21600, na mvumo wa kujifunza ulianza upya kila baada ya muda mfupi. Wakati huo betri ilikuwa kwenye chaji, na laini ilikuwa ikipata umeme pamoja na chaja ya bei nafuu. Tulichomoa chaja. Simu iliyofuata: CONNECT 33600, thabiti. Chaja za swichi hutema kelele inayoanguka ndani ya masafa ya sauti, na modemu hulipa kelele hiyo kwa kasi. Betri peke yake iko kimya.

Hatutapata zaidi ya 33600 kwa mpangilio huu, na hakuna amri itakayobadilisha. Kasi ya 56k ya V.90 inahitaji upande wa mtoa huduma uwe umeunganishwa kidijitali na mtandao wa simu, ili kuwe na ubadilishaji mmoja tu wa analogi. Modemu mbili za analogi huishia V.34, kiwango chenye kikomo hicho cha 33600.

Pia: modemu ya Rockwell hutangaza CONNECT 115200. Hiyo ni kasi ya poti. Andika ATW2 ili itaje kasi ya laini. Upande wa US Robotics, ATI6 baada ya simu huonyesha makosa na mara ngapi mafunzo yalirudiwa. Tumeanza kuandika takwimu hizo kwenye daftari la karakana baada ya kila simu.

Ijumaa: PPP

Upande wa laptopu tumeacha programu ya kujibu simu yenyewe, kwa kuwa laini ya betri haina umeme wa kuita na neno RING halitatokea kamwe. Badala yake tunaamuru kujibu kwa mkono kupitia pppd, programu ya PPP ya Linux, mara tu Windows inapoanza kupiga:

pppd /dev/ttyUSB0 115200 modem crtscts lock noauth nodetach debug 192.168.32.1:192.168.32.2 ms-dns 8.8.8.8 connect 'chat -v -t 90 ABORT "NO CARRIER" "" AT OK ATA CONNECT ""'

Kuna neno moja hapo lililotusumbua lilipokosekana: noauth. Bila hilo, pppd ilikubali kuanza laptopu ikiwa haina intaneti, na ilikataa mara simu ya mkononi ilipounganishwa, ikisema mwenzake lazima ajitambulishe. Sababu ni kwamba pppd hudai utambulisho kila inapokuta mfumo una njia kuu ya kutokea nje. Kwa majaribio ya mezani noauth inatosha. Baadaye weka require-pap (kudai nywila) na faili la pap-secrets (orodha ya nywila), na kwenye Windows ondoa alama ya nywila iliyosimbwa, la sivyo kuingia kutakataliwa hata kama nywila ni sahihi.

Kupitisha data kwenda nje, usb0 ikiwa ndiyo simu ya mkononi:

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
iptables -t nat -A POSTROUTING -o usb0 -j MASQUERADE

Upande wa Windows 98: aina ya seva PPP, itifaki TCP/IP peke yake, NetBEUI na IPX/SPX ziondolewe, kuingia kwenye mtandao kuondolewe alama, mgandamizo wa programu uzimwe kwa sasa. Kosa 720 tulilolipata mara ya kwanza lilimaanisha pande mbili hazikukubaliana itifaki hata moja. TCP/IP ilikuwa imewekwa kwa ajili ya kadi ya mtandao iliyokwisha kung'olewa, haikufungwa kwenye adapta ya kupiga simu. Tuliiondoa, tukaiweka upya, tukawasha tena mashine.

Kuthibitisha kwa ping (amri ya kupima kama anwani inajibu), kwa mfuatano huu: ping 192.168.32.1, kisha ping 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Ya kwanza ikishindwa, tatizo ni PPP. Ya pili ikishindwa, ni ip_forward au iptables. Ya tatu pekee ikishindwa, ni DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa anwani. Zote tatu zimepita.

Jumamosi: matumizi

Kwa 33600, laini hubeba baiti 4,200 kwa sekunde kwa hesabu safi. MB 1 huchukua zaidi kidogo ya dakika 4, na saa nzima haiwezi kuzidi MB 15. Kwa anayenunua bando, hiyo ni faraja. Kwa anayefungua ukurasa wa leo wenye MB 3, ni zaidi ya dakika 12.

Kikwazo kikubwa zaidi si kasi. Internet Explorer 5 ya Windows 98 SE haijui usimbaji wa tovuti za leo, na nyingi zinakataa kuzungumza nayo kabisa. Hilo si kosa la laini, wala lisitafutwe huko. Tumeweka kwenye laptopu seva ndogo ya HTTP ya kawaida na FTP, na humo tunaweka mafaili na kurasa nyepesi. Mafaili ya zamani kwenye diski yanatoka kwa FTP usiku kucha, yakiwa yamefungwa kwa ZIP. Inafanana na namna Makerere ilivyotuma barua pepe mwanzoni mwa miaka ya 1990: barua zilikusanywa kwanza, kisha simu ikapigwa na mzigo wote ukasukumwa kwa mkupuo. Laini nyembamba inafaa zaidi kwa mizigo iliyofungwa kuliko kwa kuperuzi, na vijana wanaojifunza hapa wanapaswa kulijua hilo kabla ya kuiita modemu takataka.

Kwa wanaotaka kutumia kisanduku cha kugeuza intaneti kuwa laini ya simu badala ya betri: chagua kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 A-law, zima ukandamizaji wa ukimya, zima kizuia-mwangwi, na weka akiba ya ucheleweshaji iwe ya kudumu, isijirekebishe. Kisha shusha kasi ya modemu kwa makusudi; kwenye US Robotics AT&N8 huifunga kwenye 14400. Pakiti moja ikipotea ni pengo kwenye mvumo, na modemu iliyofungwa kwenye kasi ya chini huvumilia pengo kuliko iliyo kwenye 33600. Kodeki za kubana sauti kama G.729 haziwezi kubeba modemu hata kidogo, kwa kuwa zimeundwa kwa sauti ya binadamu.

Yaliyobaki

Laini bado haiiti. Tunatafuta kisanduku kilichokufa upande wa mtandao lakini chenye sehemu nzima ya kutoa mlio na umeme wa kuita, ili mgetty, programu ya Linux ya kupokea simu, ijibu yenyewe na tusilazimike kukaa karibu na laptopu. Modemu ya Rockwell iliyotengenezwa inapoteza simu baada ya kupata joto. Kiungo cha risasi kwenye transfoma ndogo kinashukiwa, nacho kitachomelewa upya kabla ya jaribio la usiku ujao. Mpaka hapo, mawingu yakijikusanya upande wa ziwa, modemu zote mbili zinachomolewa, waya wa simu kwanza, umeme baadaye.